Sherehe ya Argentina Nyumbani kwa Mzee Wekoye

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Bungoma. Jumanne, tarehe 27 Julai 2021, saa tatu asubuhi.

Jina: Rosaline Naliaka Wekoye. Umri: miaka 34. Kazi: fundi wa kushona nguo. Makao: Kibomet, Kitale. Mzaliwa wa Sang'alo, Bungoma.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naeleza kuhusu ndugu zangu wawili, Kundu na Barasa. Kundu ndiye kifungua mimba. Anaishi Sang'alo pamoja na wazazi, ni mkulima. Barasa ndiye kitinda mimba, makanika wa pikipiki huko Kitale, na tunakaa naye nyumba moja. Nimeambiwa niseme ukweli bila kupendelea. Sina wa kumpendelea, wote ni wangu.

Mnamo tarehe 11 Julai, siku ya Jumapili alfajiri, niliamshwa na honi na vuvuzela. Argentina ilikuwa imechukua kombe la mpira la Amerika Kusini. Wakati huo serikali ilikuwa imekataza mikusanyiko katika kaunti zetu kwa sababu ya korona, na kafyu ilikuwa ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Barasa na wenzake walikuwa wamejifungia kwa rafiki yao tangu jioni ili waone mechi. Nilipotoka niliwakuta wamejaa barabarani, wanakumbatiana, wanabebana mabegani. Sikuona barakoa hata moja. Nilimwita Barasa nikamwambia aingie ndani. Alicheka, akasema, "Si kafyu imeisha, dada? Tunashangilia tu."

Hapo simu yake ikalia. Alikuwa Papa, yaani baba yetu mzazi, Mzee Wekoye, mwalimu mstaafu. Nilisikia kila neno, kwa sababu Papa huongea na simu kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Alisema, "Barasa, umeona? Umeona? Leta bendera. Kuja leo leo." Papa alianza kuipenda Argentina mwaka wa 1986, kabla Barasa hajazaliwa. Ndiye aliyemfundisha. Kila fainali waliyoshindwa alilala bila kula.

Nilienda na Barasa na wenzake wawili ili wamsalimie kwa mbali na kurudi. Tulikuwa wanne kwa pikipiki mbili. Tulifika Sang'alo kama saa nne. Kundu alitukuta langoni amevaa barakoa na hakufungua. Alisema, "Hapa Bungoma hospitali zimejaa. Shangilieni kwa simu. Mzee ana shida ya kifua na mnajua." Barasa akamwambia, "Bana, ni siku moja tu." Kundu akajibu, "Hata kufa ni siku moja."

Papa alitoka ndani akiwa amevaa jezi yake ya zamani. Aliuliza, "Kundu, hii boma ni ya nani?" Kundu akafungua.

Majirani walikuja waliposikia nyimbo. Papa alijifunga bendera shingoni akacheza mpaka mama akamshika mkono asianguke. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu. Kundu alikaa peke yake karibu na zizi la ng'ombe, barakoa usoni. Soda aliyopelekewa hakuigusa.

Alhamisi Papa alianza kukohoa. Jumamosi alilazwa akawekwa oksijeni. Hatukuruhusiwa kuingia wodi. Aliniuliza kwa simu, akitafuta pumzi, "Barasa anakohoa?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi vizuri." Sikuisikia sauti yake tena. Alifariki tarehe 24 Julai.

Ofisa ameniuliza kama ni Barasa aliyeleta ugonjwa nyumbani. Sijui. Barasa hakuumwa hata kichwa. Majirani wawili waliugua, lakini hao pia walikuwa wanaenda sokoni kila siku. Wale waliokumbatiana Kibomet wengi ni wazima na wananisalimia njiani. Kundu alisema tusije, na alikuwa na haki. Papa alisema tuje, na alifurahi. Mimi nilikuwa katikati yao na hakuna niliyemsaidia.

Jana, tarehe 26 Julai, Papa alizikwa na watu wa afya waliovaa mavazi meupe. Sisi tulisimama kando ya shamba la mahindi. Hatukuonyeshwa uso wake. Walipoondoka, mnamo saa sita mchana, Barasa alienda kaburini na ile bendera. Kundu akamwambia, "Toa hiyo kitambaa." Barasa akasema, "Ni ya Papa." Kundu akamwambia tena. Barasa akapiga magoti akaanza kuitandaza juu ya udongo, polepole, akinyoosha pembe zake. Kundu alichukua jembe lililokuwa pale akampiga kwa mpini kichwani, mara mbili. Barasa hakuinua mkono kujikinga. Nilipiga nduru. Mama alikuwa ndani, nikamsikia akiuliza, "Nani analia tena?"

Kundu hakukimbia. Alivua koti akamfunika Barasa, akaketi chini kando yake. Aliniambia, "Naliaka, ni mimi nilifungua lango." Alirudia maneno hayo mpaka gari la polisi likafika. Barasa alipelekwa hospitali akiwa hana fahamu.

Mama amenituma niseme kwamba hataki kesi. Anataka vijana wake warudi nyumbani, wote wawili. Nimesema kama alivyonituma. Mimi mwenyewe sijui nitake nini.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, na nakubali kwamba ni maneno yangu.

Sahihi: R. N. Wekoye

MAANDISHI YA OFISA: Nimeandika maelezo haya mimi, Koplo Kipsang, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili anachokielewa. Kabla hajatia sahihi, hospitali ilitujulisha kwamba Barasa Wekoye amefariki. Nilimuuliza kama angependa kuongeza au kubadilisha lolote, akasema hapana, akatia sahihi. Kaka yake, Kundu, yuko seli na bado hajui. Shahidi ameomba Kundu asiambiwe na polisi, aende kumwambia yeye mwenyewe. Nimemruhusu.