Bolti za Shemeji Gidioni

Jumatatu, 3 Machi
Nimefagia, chai iko jikoni. Harufu ya rangi nyeusi imejaa nyumba nzima. Shemeji Gidioni, mdogo wa marehemu mume wangu, anaokota bolti zilizopinda, zile zinazofunga springi za malori kwenye ekseli, anazinyoosha kwa nyundo bila moto, anazipaka rangi, anauza kama mpya. Nimemwambia ni dhambi. Akacheka: "Shemeji, chuma hakina kumbukumbu!" Kinyaa.

Alhamisi, 6 Machi
Nilikuwa sokoni. Kumbe kamfungia Mulenga bolti zile kwenye lori lake. Mulenga, dereva wa Zambia anayeniita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, na kula ugali kwangu kila safari. Keshaondoka na shaba, anaelekea Dar. Nikatema mate.

Ijumaa, 7 Machi
Kina mama tumetandika jamvi la kanisa. Zito, halivutiki. Kama kawaida tukakunja tuta dogo nyuma, tukalisukuma kwa miguu hadi mbele. Tuta likifika mwisho, jamvi zima limesogea. Leo Mama Eliya kaanzisha lake ubavuni. Matuta yakakutana, yakakwama.
"Rudisha lako, Mama Eliya!" nikamwambia.
"Lako ndilo lenye kiburi!"
Tukavuta kwa nguvu. Likachanika.

Wote walicheka ila binti yangu Ruti, anayesoma ufundi chuoni Mbeya. "Mama, ndani ya chuma ni hivyo hivyo." Anasema chembe zake zimejipanga safu safu, kama punje kwenye gunzi. Ukikisukuma kiubavu, safu haziruki zote kwa pamoja. Kasoro moja, kama tuta letu, inatembea kidogo kidogo, na safu zinateleza. Ndiyo maana chuma kinapinda bila kuvunjika. Lakini kila ukikipinda na kukinyoosha unazaa matuta mengine. Yanapishana, yanazuiana. Chuma kinakuwa kigumu, hakikubali tena kupinda. Kinachobaki ni kupasuka.

Nyumbani nikapinda waya mnene, nikaunyoosha. Palipopinda pakagoma kunyooka. Pembeni yake ndipo palipojikunja. Nikarudia, nikarudia. Ukakatika mkononi.

Kumbe kinakumbuka. Mulenga wangu!

Jumamosi, 8 Machi
Nimempelekea Gidioni ule waya. "Huo ni waya, shemeji. Mimi nauza bolti." Akaendelea kupaka. Namchukia, Mungu anisamehe. Simu ya Mulenga haipatikani, nimemwandikia ujumbe. Gidioni alipokwenda kula, bolti zote zilizobaki nimezitumbukiza chooni. Ndiko kwao. Rangi haitoki kwenye kucha.

Jumapili, 9 Machi
Jamvi tumelishona. Gidioni ni mzee wa kanisa. Kasimama juu ya jamvi hilo, kaombea wasafiri kwa sauti kuu. Nilishindwa kusema amina. Nimeomba kivyangu, kimya.

Simu bado. Nimeandika tena:

Mulenga mwanangu, hujambo? Mwili una nguvu? Huku tu wazima. Bolti ulizofungiwa kwetu ni mbovu, zitakatika. Ukiona ujumbe huu simama hapo hapo, usiteremke mlima wowote, tafuta fundi azitoe. Nijibu mapema. Ni mimi, bamayo.