Sikulewa, Ilishuka Sukari

Kizwite,
Sumbawanga.
25 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Clemens,

Marahaba. Naitikia mwenyewe, maana ujumbe wako wa Jumapili ulifika na lawama tupu, shikamoo ikabaki Dodoma. Mkeo hajambo? Watoto wanaendelea na shule? Huku baridi ni ile ile, mvua bado zipo na mahindi yanatazamika. Mimi mzima, na mkono unaoandika hapa hautetemeki.

Najua umeambiwa na dada yako Redempta, ambaye nilimzaa mwenyewe, kwamba mama yako mdogo alilewa kwenye Njia ya Msalaba. Ndiyo, nilianguka. Ndiyo, nilinuka kimpumu. Napika hiyo pombe ya ulezi, Clemens, na ndiyo iliyokusomesha. Ulitaka ninuke uvumba? Lakini kuionja sijaionja tangu nilipoambiwa nina kisukari.

Ilikuwa hivi. Ile video uliyonitumia wewe, ya bwana mwenye shati jeupe anayesema kukaa kutwa bila kula kunashusha sukari, niliitazama yote. Kwaresima ilikuwa mlangoni, nikaona njaa moja itamaliza kazi mbili. Nikawa nakula jioni tu. Kidonge changu cha sukari cha asubuhi niliendelea kukimeza, maana tangu mafundisho ya komunyo tunajua dawa haivunji mfungo. Katekista hakukosea. Ila yeye alikuwa anazungumzia roho.

Kipimo ulichoninunulia kikaanza kusoma chini. Mchana 4.1, mara 3.6. Kijasho kinanitoka, mikono inacheza, nami najipongeza kwamba sukari nimeikomesha.

Ijumaa ile asubuhi nilichuja pombe, nikajifunga kitenge, nikaenda kusali. Kituo cha saba, pale Bwana anapoanguka mara ya pili, nikaanguka na mimi. Ulimi mzito, jasho kama natoka kulima. Mwenyekiti wetu wa jumuiya, Eustaki, akainama, akanusa, akasema kwa upole, "Mama Redempta, hata Ijumaa?"

Jirani yangu Dominika akaja mbio na soda. Redempta akampokonya. "Mnataka kumuua? Huyu ana sukari!" Nilimsikia vizuri kabisa. Nilitaka kumjibu, mdomo ukakataa, na wewe unajua hilo si kawaida yangu.

Dominika hakupoteza muda kubishana. Akanipakia kwenye bodaboda, yeye nyuma akinishikilia, mpaka zahanati. Nesi akapima: 2.4. Akaninywesha maji ya sukari kidogo kidogo mpaka nikaanza kutambua sura za watu. Alisema ningechelewa kidogo wangekuwa wanaulizana wanizike wapi. Daktari naye akanieleza kwamba kidonge changu hushusha sukari hata kama sijala kitu. Amenibadilishia dawa, na amenikataza kufunga bila kuonana naye kwanza. Kwake nimetii.

Kwa wengine, hapana. Jumuiya waliniita niombe radhi. Nikaenda, nikakaa mbele, nikatoa ndizi, nikaila polepole muda wote Eustaki akieleza jinsi nilivyowaaibisha. Alipomaliza nikawaambia, "Niliyemkosea asimame." Hakusimama mtu. Sala ya kumalizia ilikuwa fupi.

Sasa wewe. Habari ya kuja kunichukua nikae kwako chini ya uangalizi, isahau. Siwezi kuhama nyumba yangu kwa sababu watu hawajui kutofautisha mlevi na mgonjwa. Pombe nitapika. Mwakani nitamwona daktari kabla ya Jumatano ya Majivu. Akiniruhusu nitafunga, asiponiruhusu nitakula mbele ya Eustaki siku zote arobaini.

Kunitembelea, karibu sana, hata kesho. Ila jua jambo moja kabla hujapanda basi. Ukinikuta nimelegea na ulimi mzito, nipe sukari kwanza, wakati bado naweza kumeza. Ya harufu utaniuliza nikishainuka.

Nisalimie mkeo Jane, mkwe wako mzee Adolfu, na Abeli wangu mdogo. Mwambie bibi yake anamwekea karanga. Redempta tunasalimiana, usihangaike kutupatanisha. Nimeshamsamehe, bado kumwambia tu.

Mungu awape chakula, na awape hamu ya kukila.

Mama yako mdogo, akupendaye hata unapomkera,
Silvana