Baiskeli Ile Haitafika Dar

Ilala, Dar es Salaam
Jumapili, mwezi wa nne

Kaka yangu Mihambo,

Mwangaluka, na shikamoo. Huu ni mwaka wa tisa tangu niondoke Urambo, wiki ileile binti yangu Kalunde alipoingia kidato cha kwanza. Mguu wako unaendeleaje? Nimesikia unatembelea fimbo tangu wakati wa kupanda. Na tumbaku, mvua haikuiharibu mabanini inakokaushwa? Mimi ni mzima wa kusimama. Bega la kulia linauma kila ikinyesha, na huku haijaacha kunyesha. Robota la mitumba likilowa ni kama kubeba ng'ombe aliyekufa. Lakini nabeba.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, halafu unaweka sauti kubwa nyumba nzima inanijibu. Barua hii nimeituma kwa mke wangu huko nyumbani makusudi. Aisome yeye, kwa sauti, mbele ya kikao ulichoita, na asikatizwe.

Kalunde harudi nyumbani. Nimelisema mwanzoni ili asiyetaka kusikia mengine aondoke mapema.

Shemeji yetu Bahati alikuja Kariakoo kununua vitu vya duka, akapita kwenye kijiwe chetu cha wabeba mizigo Mtaa wa Mkunguni. Akamwona Kalunde mchana kweupe amekaa juu ya mkokoteni katikati ya wanaume, anacheka, na mzee mmoja anamwita "mke wangu". Hakunisalimia, wala hakumsalimia. Alipanda basi akawaletea habari kwamba mtoto ameacha chuo na ameolewa na msukuma mkokoteni. Wewe ukaamini, ukampokea mshenga wa yule kijana wa duka la pembejeo, ukatutumia ujumbe wa sauti kwamba mwisho wa mwezi binti awe nyumbani.

Sasa nisikilize. Yule mzee ni Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, tunasukuma mkokoteni mmoja. Shemeji ni mtu wa Kasulu, hajui mambo yetu, namsamehe. Wewe je? Wewe Mnyamwezi uliyelelewa na babu mmoja na mimi, hujui Mzaramo ni nani kwetu? Tangu lini Mnyamwezi akapeleka maneno ya mtani kwenye kikao cha ukoo?

Siku hiyo maneno yalikuwa hivi. Pazi alisema, "Nyie babu zenu walileta pembe za ndovu hapa pwani wakasahau njia ya kurudi. Ndiyo maana mpaka leo mnabeba."

Kalunde akamjibu, "Na nyie mliokaa barazani mnawaangalia, imekuwaje leo unasukuma mkokoteni mmoja na baba yangu?"

"Jamani, mmemsikia mke wangu? Nimemuoa kwa nazi mbili!"

"Mume mwenyewe meno hana. Nazi atatafuna nani?"

Kijiwe kizima kilianguka kwa kicheko. Hiyo ndiyo ndoa aliyoiona shemeji.

Na alichokuwa anafanya pale Kalunde ni masomo. Yuko mwaka wa tatu, mwaka wa mwisho, anasoma sosholojia, yaani namna watu wanavyoishi pamoja. Digrii yao ni ile wanayoiita ya "honours", ambayo huimalizi bila kufanya utafiti wako mwenyewe na kuutetea mbele ya walimu. Utafiti wake ni utani, kwa wabeba mizigo wa Kariakoo. Ulianzia kwangu. Masika ya mwaka jana niliteleza na robota, bega likatoka, nikalazwa hospitali kule Upanga. Sikuwaambia, mngefanya nini? Kalunde alipokuja kuniona alimkuta Pazi ananilisha uji aliopika mke wake, huku ananitukana kijiko kwa kijiko. "Kunywa, punda wangu, nani atanibebea?" Kila siku alikuja, kila siku matusi mapya. Mtoto aliniuliza, "Baba, huyu ni nani wako?" Nikasema si ndugu, si jirani wa nyumbani, ni mtani tu. Nikaona neno hilo limemwingia.

Mwalimu wake, mama mmoja mkali, alimwambia, "Usiniletee simulizi za kijijini. Nionyeshe kama utani bado unamshika mtu mkono hapa mjini." Ndiyo maana anashinda kijiweni na kinasa sauti.

Hata mimi alinihoji. Utaratibu wao ni kumuuliza kila mtu sawasawa, kwa hiyo mtoto niliyemzaa alinikalisha kwenye gunia akaniuliza jina. Nikasema nenda kamuulize bibi yako. Akaniuliza idadi ya watoto, nikamwambia ajihesabu mwenyewe kwanza. Tulicheka. Halafu akasoma swali linalofuata: "Uliacha shule kwa sababu gani?"

Kaka, nilimwambia. Nilimwambia nilikuwa kidato cha pili, tuko kwenye somo la jiografia, ukaja na baiskeli ukasimama dirishani. Mwalimu akanionyesha mlango. Nilipanda nyuma na madaftari yangu mapajani, na njia nzima hukusema kitu ila kwamba tumbaku imeiva. Baba alikuwa amekufa, ulikuwa kijana mdogo umeachiwa nyumba nzima. Sikulaumu, na hilo nalo nilimwambia. Lakini hakuna aliyeniuliza. Nilisema ndiyo kaka, na nimeendelea kusema ndiyo kaka mpaka mvi zimeota. Mtoto alizima kinasa sauti, hakuuliza tena siku ile.

Ujumbe wako ulifika Alhamisi tukiwa tunakula kijiweni. Niliufungulia palepale, kila mtu akasikia. Ulisema sosholojia ni kusoma umbea wa watu. Ulisema mama yake ndiye aliyemharibu. Hapo ndipo Kalunde aliposhindwa. Aliweka chini sahani, akaanza kukusanya karatasi zake na kinasa sauti, akatia kwenye mkoba. Akasema, "Baba, niache tu nirudi. Baba Mkubwa akishatulia, mama ataacha kusemwa. Na hata nikimaliza, kazi yenyewe iko wapi?"

Miaka yote nimebeba kwa ajili ya mtoto huyu, na siku ya kusema ulimi ukawa gunia.

Pazi alimnyang'anya mkoba akaukalia.

"Umetekwa huu," akasema. "Wanyamwezi hawaozi binti mtani hana habari. Anayeutaka aje aukomboe, na aje na jogoo."

"Babu, nipe. Leo sitanii."

"Na mimi lini umeniona natania? Nijibu. Unaenda Urambo au unaenda chuo?"

Wapita njia wanatupigia kelele tuondoe mkokoteni, Pazi hata hatikisiki. Mtoto machozi yanamtoka na kicheko kinamponyoka hapohapo. Mwishowe akasema, "Chuo."

"Sisikii. Masikio yangu ya Kizaramo."

"Chuo, babu, chuo!"

Akainuka akampa. "Haya nenda, unachelewa."

Basi, kaka. Kama Mzaramo asiye na tone la damu yetu amemzuia mtoto wangu asipotee, mimi baba yake siwezi kuendelea kusema ndiyo. Mrudishe mshenga kwa heshima, mwambie binti hajaulizwa. Mama Kalunde asiguswe kwa neno lolote. Uamuzi ni wangu, anayetaka kugomba agombe na mimi. Unauliza kazi ya sosholojia. Sijui. Mimi nina kazi, na bega langu unalisikia. Mwezi wa sita atasimama mbele ya walimu wake kutetea utafiti wake, na sisi wa kijiweni tumeomba ruhusa tukae nyuma, tumeoga. Baiskeli ile ilinifikia mimi dirishani. Huku haitafika.

Hasira zako nazijua, na bado wewe ndiye kaka yangu. Ungekuja ungeona mtoto anavyoulizwa na kujibu, ungevimba kichwa kuliko mimi.

Nisalimie mama yetu, mwambie mjukuu wake anakula vizuri. Nisalimie mke wako aliyenifungia viazi siku naondoka, na fundi wa baiskeli pale njia panda. Shemeji Bahati naye msalimie; akija tena, apige hodi. Wewe unayesoma, mke wangu, kunywa maji upumzike, umesoma vizuri.

Nitakuja mahafali yakishapita, mwezi wa kumi na moja, wakati mnaandaa mashamba. Tutakuja watatu, mimi, Kalunde na Pazi. Amesema atalala kwenye kizingiti chako, asitoke wala mtu asiingie, mpaka ulipe faini kwa kumwita Kalunde, "mke wake" mwenye digrii, mtu wa umbea. Jogoo awe mkubwa.

Mdogo wako,
Maganga