Kwa baba mkwe, kutoka nyuma ya migomba

Mpendwa baba mkwe,

Ndaga. Sijui kama salamu hii naruhusiwa kukupa. Ulipokuwa hai sikuwahi kukusalimia hata mara moja, na sasa umelala pale nyuma ya zizi, mimi nimekaa na karatasi ninakuita mpendwa kana kwamba tulizoea kukaa tukaongea. Nilimwuliza mume wangu kama mke anaendelea kumkwepa baba mkwe aliyekwisha kufa. Akaenda kutazama ng'ombe. Siku hizi hataki hata chakula changu, na sababu yake nitakueleza, maana wewe ndiye unayepaswa kuisikia kwanza.

Ninaandika kwa Kiswahili. Kwa Kinyakyusa nisingeweza, kwa sababu tangu nilipoolewa kila neno linalofanana na jina lako nimelikwepa, na barua ingekuwa na mashimo kila mahali. Kiswahili ni lugha ya askari wa Wadachi na wafanyabiashara. Humo hakuna aliyenikataza kitu.

Watu watashangaa nikisema nina kumbukumbu zako. Uso wako siujui. Nakujua kwa kikohozi, kwa fimbo yako iliyogonga mawe ya kijito, na kwa mgongo, pale nilipochungulia baada ya wewe kupita. Nikisikia kikohozi, nilijifunika kichwa nikaingia migombani mpaka upite. Ndivyo nilivyofundwa, na ndivyo mama mkwe alivyofanya kwa mkwe wake. Kumtazama baba mkwe usoni ni kumvua nguo mbele za watu. Hilo sikuwahi kulibishia. Kilichonivuruga ni shule.

Unakumbuka ilivyoanza. Mchungaji Mdachi alifungua darasa la watu wazima kule misheni, la kusoma na la ubatizo, na waliokuja walikuwa watu wa hali ya chini: akina mama wafinyanzi wa ufukweni, wavuvi wa nyavu za kuazima, wakulima wenye kijaruba cha mpunga na migomba michache. Walikuja na watoto wao, kwani wangewaacha na nani? Watoto walilia, walivuta nguo za mama zao, mmoja alikojoa juu ya kitabu cha Injili. Mchungaji akaniita. Akasema, "Wewe ulisoma hapa ulipokuwa msichana. Wachukue hawa." Alitaka wanyamaze tu. Mimi nikaanza kuwafundisha, kwa sababu kuwanyamazisha watoto bila kuwapa kazi ni jambo nisiloliweza.

Tukajenga banda la mianzi nyuma ya kanisa, karibu na migomba, na nikajikuta napanga mambo ambayo hakuna aliyeniambia niyapange. Siku ya kuchoma vyungu, watoto wa wafinyanzi hawakuja, walikuwa wakibeba nyasi na kuni, basi somo nikalisogeza. Siku ya soko la Lyulilo vilevile, maana mitumbwi ikifika kila mkono unatakiwa. Wavulana wakubwa ndio walionitoa jasho. Walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye kijiji chao cha wavulana, wanalala huko mbali na wazazi, na mchana wanachunga. Nilikwenda kwao mwenyewe nikawabembeleza wagawane: wengine wachunge leo, wengine wasome, kesho wabadilishane. Waliokuwa malishoni wakawacheka wenzao kwamba wanageuka wanawake, wakapigana kidogo, kisha wakazoea.

Mchungaji aliweka sharti moja: nafasi ni ya mtoto ambaye mzazi wake anakaa kwenye darasa la watu wazima. Mzazi akiacha, mtoto naye anatoka. Nyumba hadi nyumba niliitangaza habari hiyo kwa mdomo wangu. Nilipofika kwako nilimwambia mama mkwe uani, nikaondoka haraka, maana fimbo yako nilikuwa nimeisikia.

Haikupita muda mama mkwe akaniambia, "Leo baba yenu ameingia darasani." Nikadhani ananitania. Mzee wa ng'ombe zake, mwenye kauli barazani, akae kwenye benchi na wavuvi akitamka a, e, i? Lakini kesho yake Tusekile, kitinda mimba wako, alikuja bandani kwangu akakaa mbele kabisa, ameoga na kupakwa mafuta. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: ulikuja kwa ajili ya kusoma, au ulikuja ili Tusekile apate nafasi? Siku nyingine naona ni hili, siku nyingine naona ni lile.

Njia ya kwenda kanisani ilipita mbele ya banda langu. Ukikohoa kule kijitoni, watoto walipiga kelele kwa furaha, "Mwalimu, babu anakuja, ingia!" nami nikaacha ubao nikakimbilia migombani. Nikaendelea kufundisha kutoka huko huko. Nilitaja silabi bila kuonekana, watoto wakaitikia, wakiangua vicheko. Na wewe ulipita polepole mno. Fimbo ilisimama kabisa mbele ya banda, ikakaa kimya. Mimi huko nimesimama na siafu wananipanda miguuni, nakukasirikia kimoyomoyo, nasema mzee huyu hana haraka jamani? Sasa nafikiri labda ulikuwa unasikiliza. Au ulikuwa umechoka tu, magoti yako hayakuwa mazuri. Ningejuaje?

Kisha Tusekile akaanza kuniletea maswali. "Baba anauliza, herufi hii yenye mkia inasomwaje?" Nilimwonyesha, akaenda kukuonyesha jioni kwenye majivu ya jikoni. Kesho akarudi na jingine. Nilikuwa nakufundisha, baba mkwe, na wote wawili tulijua, na hakuna aliyekuwa amevunja mwiko. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kusema. Nilikuwa nikilala nawaza utauliza nini kesho.

Halafu mvua za masika zikaja kama zinavyokuja huku kwetu, upepo ukatoka ziwani ukalibeba banda. Mchungaji akasema watoto waingie kanisani, wakae upande mmoja, watu wazima upande mwingine, nami nifundishie mbele. Watoto wakaingia. Mimi nikabaki nje chini ya ukingo wa paa, kwa sababu wewe ulikuwa ndani.

Mchungaji akaja mlangoni. Akasema, "Ndani ya kanisa hakuna mkwe. Kuna baba na binti. Ingia."

Sikusogea. Akasema tena, bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza, "Usipoingia, watoto waende makwao, na darasa lao limekwisha."

Nilisimama pale maji yananichuruzika mgongoni, sijui nishike lipi niache lipi. Nikiingia, nakudhalilisha mbele ya watu wote wanaokuheshimu. Nisipoingia, wale wavulana wanarudi malishoni moja kwa moja, watoto wa wafinyanzi wanarudi kwenye udongo, na Tusekile anarudi nyumbani kusubiri kuolewa. Nilitaka mtu aniambie la kufanya.

Nikasikia benchi likisukumwa. Fimbo ikagonga sakafu. Sauti yako ikasema, "Huyo ni mkwe wangu. Aingie." Ukatoka kwa mlango wa pembeni, ukaenda zako kwenye mvua ile. Niliingia. Nilifundisha siku ile sijui nini, watoto wenyewe walinishangaa.

Hukurudi tena kwenye benchi. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mchungaji alisema moyo wako umekuwa mgumu. Mume wangu alisema nimekuaibisha, ulifukuzwa na mke wa mwanao. Nilimwuliza mama mkwe, yeye akacheka, "Mwanangu, si umwulize mwenyewe?" akijua fika kwamba siwezi. Tusekile nilimtuma akuulize kama umekasirika. Alirudi akasema, "Baba amesema nisile mahindi mabichi njiani." Hilo ndilo jibu nililopata.

Basi sharti likamfikia Tusekile. Msaidizi wa mchungaji alikuja akasema baba yake ameacha, naye atoke. Mimi mwenyewe ndiye niliyelitangaza sharti lile, sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema baba yake hajaacha, anasomea nyumbani. Akauliza, "Anafundishwa na nani?" Kabla sijafungua mdomo Tusekile akasema, "Na mimi." Yule bwana akacheka mpaka akakaa chini. Mchungaji hakucheka. Alisema, mzee aje asome, tusikie.

Nilijua hutakuja. Ukaja. Hukuingia ndani, ulisimama nje chini ya dirisha, ukanyoosha mkono ukapewa kitabu. Mimi nilikuwa ndani na watoto, nimegeukia ukuta wa upande wa pili, nimejifunika. Ulisoma mstari mmoja wa Injili, neno moja, kimya, neno jingine, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kwenye ile herufi yenye mkia ulisita, nami nikaitamka chini ya kitambaa bila sauti, midomo tu. Ukaipata. Mchungaji akasema mtoto abaki. Nililia palepale ukutani, na watoto wakaambiana kwamba mwalimu anaumwa.

Nilingoja urudi darasani, hukurudi. Ukaugua homa wakati wa kuvuna mpunga, nikawa napika uji, Tusekile anapeleka. Siku moja alirudi na bakuli tupu akasema, "Baba anasema ndaga." Asante ya uji, au ya jambo jingine? Sikumwuliza, niliogopa ataniambia ni ya uji. Baada ya hapo tukakuzika.

Sasa nifike kwenye hilo linalomfanya mwanao asile chakula changu.

Mdogo wako ndiye aliyeshika mji wako, naye ni mkwe wangu kama ulivyokuwa wewe, namkimbia vilevile. Hasomi wala hana nia ya kusoma. Mama mkwe ndiye aliyeingia darasani ili Tusekile asipoteze nafasi, na msiba ukiwa bado mbichi. Mdogo wako akasema yametosha, msichana amekua, kuna watu wameshamwulizia. Juzi asubuhi alikuja mwenyewe. Banda jipya tumelijenga palepale. Nilisikia kikohozi, si chako, nikaingia migombani kama siku zote.

Akasema, "Tusekile, inuka. Twende nyumbani."

Nilimwona Tusekile kupitia majani. Hakuinuka, ila alianza kugeuza kichwa anatafuta upande wangu, ananitafuta migombani. Yule akasema tena, "Inuka." Nikafikiri juu yako, na ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Maana ulipotoka kanisani, kama ulitoka ili heshima isivunjwe, basi nilipaswa kubaki pale pale kwenye majani. Na kama ulitoka ili mimi niweze kufundisha, nilipaswa kutoka. Kitendo ni kimoja, nami sijui ulikusudia nini, na hapakuwa na wa kumtuma akuulize.

Nilitoka. Nilitembea mpaka mbele ya ubao, nikatoa kitambaa kichwani, nikamtazama. Nikamwita baba, nikasema, "Tata, mtoto huyu yuko darasani."

Mdogo wako alijifunika uso kwa mikono yake miwili, mtu mzima yule, akageuka akaondoka, akajikwaa kwenye mzizi wa mgomba. Fimbo yake aliiacha. Watoto hawakucheka safari hii.

Tusekile amebaki. Jana amekuja, leo amekuja. Mdogo wako amesema hataki kusikia habari zake tena wala zangu. Wanawake wa mji hawachoti maji pamoja nami, wanasema nimeleta balaa, na ng'ombe akikohoa wananitazama mimi. Mchungaji amenisifu kanisani mbele ya watu, na sifa zake zimenichoma kuliko masengenyo yao, kwa sababu anadhani nimelitupa jambo ambalo sijalitupa. Bado nalishika. Ukikohoa sasa hivi hapo nje ningekimbia. Mama mkwe peke yake ananiletea ndizi za kuchoma, anakaa nami. Sijui kama nimekuheshimu au nimekutukana, baba mkwe. Nimekaa na swali hilo tangu juzi, na kila nikidhani nimepata jibu linanigeuka.

Lakini kuna jambo moja nalijua, nami nalisema wazi kwa kuwa huwezi tena kulisikia. Pale nilipotoa kitambaa mbele ya mdogo wako, nilisikia wivu kwa niaba yako. Miaka yote ile niliufunika uso wangu nikauficha migombani, kwa ajili ya heshima yako, na baba mkwe wa kwanza kuuona amekuwa yeye, ambaye hakuutaka. Ningependa uuone wewe.

Lala salama, tata.

Mkweo, mwalimu wa Tusekile