Kompyuta ya Skrubu Moja

Baba yangu mpendwa,

Leo nimeshinda na bisibisi mkononi, na kila nilipoigeuza nilikusikia ukiniambia, "Pole pole, Ciru, hiyo si jembe." Ndiyo sababu nakuandikia. Najua barua hii haina pa kwenda. Naiandika hata hivyo, kwa sababu kuna mambo ambayo mimi na wewe tuliyaongea kwa utani tu miaka yote ile, na sasa utani umebaki na mtu mmoja.

Unakumbuka lile duka la ghorofani, pale mjini Eldoret, lenye ngazi nyembamba? Uchaguzi ulikuwa unakaribia, wa kwanza tangu ule ambao ghasia zake zilitufukuza kwetu Burnt Forest. Ulikuwa umefungua tena studio yako ya picha, chumba kimoja cha kupanga kule mtaa wa Huruma, na ulikuwa umechoka kuazima kompyuta za watu. Nilikwambia ununue laptop kama watu wengine. Ukakataa katakata. Ulisema laptop ikiharibika kitu kimoja imeharibika yote, tena kila mwizi anaijua kwa sura.

Chebet, dada wa duka, akatuwekea juu ya kaunta sanduku jeusi la mraba, dogo, ambalo lingekaa vizuri ndani ya sahani ya ugali.

"Lakini Mzee, nikuambie ukweli," akasema. "Hii ni barebone. Inakuja tu na body, motherboard na processor. RAM hakuna, hard disk hakuna, Windows hakuna. Ukiiwasha saa hii itakuangalia tu."

"Hata mimi nilifika Eldoret nikiwa body tu," ukamjibu. "Tutaelewana."

Halafu ukafanya kile kitu ambacho kiliniaibisha siku ile. Ulitoa ule mkoba wangu wa shule wa zamani, ukatia sanduku ndani, ukaongeza na ile adapta yake nzito ya umeme, ukauvaa mgongoni, ukaanza kushuka ngazi. Askari wa mlangoni akakufuata mbio.

"Mzee, hiyo mashine inaenda wapi?"

"Haiendi popote. Napima kama mimi naweza kwenda nayo."

Chebet alicheka sana. Uliporudi juu ukihema, ukafungua mkoba na kusema, "Hii ni sawa, hata nikikimbia haitanisumbua," akaacha kucheka. Yeye pia ni wa hapa, alikuwa Eldoret mwaka ule wa ghasia.

Akatuchagulia RAM ile fupi ya laptop, kwa sababu ndefu haiingii humo, na diski nyembamba isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ili hata ikianguka isife. Alitaka kutufungia. Ukasema hapana, akuonyeshe ufunge mwenyewe, unataka kujua inaingilia wapi na inatokea wapi. Ukaweka diski, ukarudisha kifuniko cha chini, ukafunga skrubu moja. Zile tatu zilizobaki ukamrudishia mkononi.

"Mzee, itacheza."

"Wacha icheze."

"Na hii sahani ni ya kuifunga kwa ukuta, ama nyuma ya screen. Inakuja na skrubu zake."

"Ukuta wa nani?" ukamuuliza.

Chebet akazitupa zile skrubu tatu pamoja na sahani ya chuma ndani ya katoni, na katoni ikaenda kukaa chini ya kitanda chako.

Mimi nilijua ulichokuwa ukipima. Nilikuwa nimesimama uani kwetu Burnt Forest, Januari ile baada ya uchaguzi, nimekumbatia blanketi, wakati Mama Chelagat, jirani yetu aliyetuuzia maziwa tangu nizaliwe, alipopenya kwenye ua wa nyuma. Alikuwa mmoja wa wale ambao vijana wao walikuwa barabarani na mishale, wakiwasaka watu wa kabila letu. Alikushika mkono, akakuita kwa jina langu refu, akasema, "Baba Wanjiru, toka na huyu msichana. Toka sasa hivi, usifunge hata mlango." Ukakimbilia studio, ambayo ilikuwa chumba cha mbele. Kompyuta yako kubwa ilikuwa mle, ile ya mitumba, sanduku lake refu likikaa sakafuni chini ya meza. Ndani yake kulikuwa na harusi na mazishi ya Burnt Forest nzima. Ndani yake kulikuwa na Mama, ambaye tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, kwa sababu ulikuwa umezipitisha picha zake zote kwenye skana ili zisififie.

Ukatoka umebeba kioo. Ile screen ya zamani, yenye mgongo mkubwa, umeifunga mgongoni kwa leso ya Mama. Ulitembea nayo mpaka kituo cha polisi, ukapanda nayo lori. Tulikuwa tumeshauacha moshi nyuma wakati mwanamke mmoja, labda akitafuta tu la kusema, alipokuuliza, "Na kompyuta yenyewe iko wapi?" Uliangalia ile screen mapajani mwako, kisha ukaniangalia mimi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka namna ile.

Wewe, Baba, uliyewafundisha wengine kwamba picha haziishi kwenye kioo! Lakini mikono ilichukua kile ambacho macho yalizoea kukitazama. Kule kambini kwa waliofukuzwa, kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret, ile screen ilikaa ndani ya hema yetu miezi yote, tukiweka vikombe juu yake. Nyumba iliungua na albamu ndani. Hatukubaki na sura ya Mama hata moja, na wewe hukuacha kujilaumu.

Basi lile sanduku dogo lilipokuja Huruma, likawa na desturi zake. Kila jioni ulizima, ukachomoa adapta, ukagusa kwanza vyuma vya dirisha ili umeme wa mwilini utoke, ukafungua ile skrubu moja, ukatoa diski. Ukaifunga kwenye hanchifu, ukaitia mfuko wa ndani wa koti. Asubuhi ukairudisha. Wateja wa picha za kitambulisho walikungoja wakidhani unaomba, maana ulikuwa unainamisha kichwa kabisa.

Sanduku lenyewe lilikuwa zuri. Halikuwa na kelele, halikumaliza tokeni za stima, na programu ya mazishi, kile kijitabu cha kurasa nane, ulikuwa ukiimaliza kabla chai haijapoa. Lakini kifuniko kilitetemeka, na vumbi la Huruma unalijua. Feni ikaanza kulia. Tulipolipeleka kwa Chebet akalipuliza, akakukemea kama baba yake mzazi.

"Mzee, funga skrubu zote. Vumbi inaingia."

"Vumbi itatoka. Mimi siku ya kutoka sitaki kungoja skrubu."

Baadaye hata soketi ya diski ikalegea kwa kuchomolewa na kurudishwa kila siku, mpaka ikabidi ukunje karatasi uichomeke pembeni ndipo sanduku liione. Kitu kilichotengenezwa kifunguliwe mara chache tu, sisi tulikifungua kila jioni. Nilikutania kwamba unakiua kwa kukiokoa. Ulicheka, na kesho yake ukafanya vilevile.

Ni wewe uliyeanza kuwaambia watu wanaotoka Burnt Forest wakuletee picha zozote za zamani ulizowahi kuwapiga, uzipitishe kwenye skana bure. Walidhani ni ukarimu. Mimi nilikuona ukizikuza kwenye screen, ukipita nyuma ya maharusi, katikati ya wageni, pembeni kwa wapishi. Ulikuwa unamtafuta Mama.

Na aliyemleta ni Mama Chelagat. Alikuja Huruma na picha ya harusi ya mwanawe ndani ya mfuko wa karatasi, akasimama mlangoni kama mtu asiyejua kama atakaribishwa. Mlikuwa hamjaonana tangu siku ile ya uani. Ukaiweka picha kwenye skana, na pale ukingoni akatokea Mama na sufuria mikononi, amegeuka nusu, anamcheka mtu ambaye hayuko kwenye picha. Ulimtazama mpaka screen ikajizima. Mama Chelagat akasema, "Baba Wanjiru, rudi nyumbani. Ploti yako iko. Mimi huwa nawafukuzia ng'ombe."

"Tutaona, Mama," ukasema. "Uchaguzi upite kwanza."

Ukapita. Ukaja mwingine, nawe ukafunga studio wiki nzima ukakaa kitandani na mkoba magotini. Nao ukapita. Kila mara kulikuwa na mwingine mbele, Baba, na ndilo linaloniuma. Hukununua kabati, kwa sababu kabati halibebeki. Hukupanda hata sukumawiki kwenye gunia. Mimi nilipohamia mtaa wa West Indies, palepale Eldoret, nikakuwekea chumba, ulikuja na mkoba mmoja, na kila ulipolala kwangu ulilala na viatu karibu. Natamani tungekaa chini siku moja, bila mzaha, uniambie unaogopa nini hasa, nami nikuambie kwamba naogopa pia. Tulifanya utani mzuri sana, lakini ulikuwa utani wa watu waliosimama.

Siku kifua kilipokubana ulikuwa Huruma, mchana, jua likiwaka, kila mtu na shughuli zake. Hakuna aliyekufukuza. Hospitalini nesi alinipa koti lako, na ndani ya ile hanchifu kulikuwa na diski. Ulikuwa umeitoa, na jioni haijafika. Nafikiri ulidhani ni siku yenyewe ya kutoka.

Hapo ndipo nilipofikia uamuzi, Baba, na sijui kama ungekubali. Nimejenga chumba kimoja kwenye ploti yetu ya Burnt Forest. Ni cha mawe, kidogo, kina dirisha upande wa barabara. Nitakuwa nikipiga picha siku za soko. Leo asubuhi nimelitoa sanduku lako Huruma, na chini ya kitanda chako nikaipata ile katoni, sahani ya chuma na skrubu zikiwa bado kwenye plastiki.

Mama Chelagat amekuja kunisaidia. Amezeeka, lakini alikataa katakata kukaa. Fundi alitoboa ukuta akaenda zake, mimi nikafunga sahani, yeye akanishikia sanduku juu.

"Na hii ikifungwa hivi," akaniuliza, "utaitoaje ukitaka kwenda?"

Nilimwomba alishushe kwanza, nikaligeuza, nikagusa vyuma vya dirisha kama ulivyonifunza, nikarudisha diski na kile kikaratasi chako. Sikujiamini, Baba. Uchaguzi utakuja tena, na sitakudanganya kwamba nitalala vizuri. Mahali pako palikuwa hapa, ukinikosoa, na ulistahili kuuona ukuta huu kuliko mimi.

Kisha nikakifunga kifuniko. Skrubu yako ya siku zote kwanza, iliyochakaa kichwa. Halafu zile tatu zilizokaa katonini miaka yote, zikiwa bado zinang'aa. Tukalipandisha ukutani, nikaunganisha screen, nikawasha, na Mama akatokea, ile picha uliyoiweka mbele ya zote, na sufuria yake, anacheka. Mama Chelagat akamsalimia kwa jina.

Pumzika sasa, Baba. Vua viatu.

Binti yako,
Ciru