Nyama wa Ngozi ya Tairi

Jumapili, tarehe 1 mwezi wa tisa 2024

Mimi ni mutu wa bahati. Naandika hivyo wazi, juu cahier hii, daftari hii, ni yangu na hakuna wa kunibishia ndani yake. Tangu mwalimu Lucien alete ule muchezo wake wa kete, wa mapango na manyama wakali, mwezi wa sita, kete inanipenda. Wengine wanatupa, wanapata ine, wanapata saba. Mimi natupa — vingt, makumi mbili kamili! Kete iko na nyuso makumi mbili, lakini inachagua ile moja tu, sawa vile bibi-arusi anatambua bwana wake katikati ya watu. Nimefika Bujumbura, nimefika Kigoma, nimekunywa na Wachina wa barabara. Bahati kama yangu mimi Edouard sijaiona fasi yoyote.

Tunacheza kwa Bisimwa, hapa Kadutu, kando ya kitanda chake. Ni juu ya muguu wake. Mwezi wa tano mvua ilijaza rigole, ule mufereji wa barabara, tukairuka. Mimi wa kwanza. Nikamwambia: ruka tu, uko na mimi, bahati yangu inatosha watu wawili.

Haikutosha.

Platre ya kufunga mufupa uliovunjika waliitoa tangu wiki mbili. Daktari alisema atembee. Bisimwa hataki. Muguu wa kushoto anaubeba na mikono yote, sawa mutoto muchanga, usiguse chini. Dada yake Rosette amebembeleza, ametukana, amefunga novena ya siku tisa. Bure.

Leo mambo yakaharibika mu muchezo. Kila mumoja wetu anacheza mutu wake wa kubuni; wa Bisimwa anaitwa Mbio — anakimbia kutushinda wote. Nyama mukubwa wa mapango amemukanyaga kifuani, hawezi kuinuka. Tukaachia pale, Rosette alitaka meza yake apange sahani. Bisimwa akaangalia dari. Akasema: siku Mbio atasimama, na mimi nitasimama.

Nikamwambia: Jumapili ijayo, mukubwa. Uko na mimi.

Ile sentensi nilishaisema mara moja kwa rigole. Lakini basi.

Jumatatu, tarehe 2

Niko na hasira na Lucien. Mutu wangu mu muchezo ni Général Chuma, ana nyundo kubwa sawa mulango wa kanisa. Jana nimepiga yule nyama: vingt. Nimeumiza alama kumi na mbili. Lucien anaandika sita. Nimepiga tena: vingt. Kumi. Anaandika tano.

— Mwalimu, nusu ingine unakula weye?

— Nyama huyu ana résistance, Papa Edouard. Silaha ya kuponda anaipokea nusu.

— Na panga ya Rosette?

— Kukata vilevile. Nusu.

— Hata nikipata vingt?

— Vingt inasema umemugusa. Haisemi umemuumiza.

Mutu alisoma pédagogie ya ualimu, anajua kukata mutu bila kisu. Akaeleza: kuna nyama anapokea nusu. Kuna mwingine hapokei kitu, ni sawa kupiga ziwa fimbo. Na kila mwenye ngozi ngumu ana fasi yake ya ulaini, na pale pigo linazaa mara mbili. Ya huyu ni wapi? Mutatafuta wenyewe.

Rosette akauliza kama maji ya baraka yanaweza. Lucien akajibu: dada, tumuache Padri, asiingie mu mapango.

Jumatano, tarehe 4

Nimeipata. Mimi, mutu wa cinquième primaire, darasa la tano tu!

Asubuhi Fuso moja ya Nyangezi imesimama mbele ya kwado yangu, fasi naziba matairi, tairi imelala. Natafuta tundu. Ni musumari, mudogo sawa kidole cha mutoto. Nikakaa chini na mawazo. Lori nzima, magunia yake ya mihogo, mama kumi na moja juu yake — musumari mumoja umewalaza.

Nikachukua tairi ya zamani nihakikishe. Panga: ikateleza, alama nyeupe tu. Nyundo kubwa, kwa nguvu zote: ikaruka ikarudi kunipiga paji la uso. Wale mama wa Fuso walicheka mpaka mumoja alishuka kunywa maji. Sikuwakatalia, hata mimi ningejicheka. Kisha musumari, pigo moja la upole. Ukaingia mpaka kichwa.

Lucien alikuwa anatoka masomo, chaki mu nywele. Nikamuitia kule barabarani:

— Mwalimu! Yule nyama anachomwa, sawa na musumari!

Akasimama. Akacheka sawa mutu wamemukuta na nyama ya jirani mu sufuria.

— Nani alikuambia?

— Tairi.

— Basi sawa. Kuchoma, mara mbili. Lakini mukuki iko mumoja tu, na Mbio ameulalia mugongoni. Uuvute pale chini, uchome. Haujazoea mukuki. Utupe kete mara moja, na upate seize, kumi na sita, ao zaidi. Ukikosa, nyama anamalizia Mbio.

— Seize? Mimi? Muulize kete.

Akafuta chaki. Akasema polepole: safari hii utupe katikati ya meza, Papa Edouard. Si nyuma ya kikombe chako.

Nikacheka. Nikacheka sana, mpaka paji likauma.

Jumamosi, tarehe 7

Mukono umechoka na matairi. Nimekatakata karatasi, moja mpaka makumi mbili, nikaziweka mu kofia, nikachota mara kumi. Sitaandika zilitoka ngapi.

Rosette alipita na gunia lake la makala ya kupikia. Anasema Bisimwa ameomba kiatu cha kushoto. Kile ambacho hajakivaa tangu mwezi wa tano. Amekipiga burashi asubuhi nzima, amekiweka kando ya kitanda, ncha inaangalia mulango.

Sikula vizuri.

Jumapili, tarehe 8

Naandika hapa kwa kizingiti cha Bisimwa. Muchezo haujaisha. Wamenitoa inje.

Ilikuwa hivi. Général Chuma ameweka nyundo chini, amevuta mukuki. Bisimwa amevaa kile kiatu, ndani ya blanketi! Nikatupa, katikati ya meza, sawa mutu mwema. Kete ikagonga kikombe, ikaruka, ikaingia chini ya kitanda, kule Rosette anapanga magunia ya makala. Nikapiga magoti mbio mbio, juu sikuzote mimi ndiye naokota. Rosette akanishika kola.

— Papa Edouard, weye kaa pale mulangoni. Mikono fasi tunaiona.

Lucien akasema: gunia moja moja, mbele ya mashahidi, hakuna kutingisha.

Basi niko hapa. Mikono inaonekana, iko na kalamu.

Gunia la kwanza limetoka. La pili. Lucien amekuwa mweusi mpaka pua, na hakuna kete. Rosette anasema lazima kitanda kisogee. Bisimwa anasema: polepole, mwalimu, muguu ule wa kitanda umeoza, inua huku, huku!

Amesimama.

Bisimwa amesimama. Kiatu kinang'aa, kiko chini kwenye sakafu ya sima, na muguu uko ndani yake. Mukono mumoja kwa ukuta, mwingine anaonyesha Lucien fasi ya kushika. Hajui. Rosette ameona, ameziba kinywa na kitambaa chenye makala. Ameniangalia. Mimi nimetingisha kichwa: usiseme. Akijua, atakumbuka kuanguka.

Gunia la tano. Lucien amelala kifudifudi, anasema: naiona, musisogee.

Bisimwa amegeuka kwangu. Macho yake, Mungu wangu, ni yale ya siku ya rigole.

— Edouard, usiangalie hata. Weye unajua tayari ni ngapi, si ndiyo?

Sijamujibu bado. Naandika kwanza, kabla Lucien hajasoma. Bahati sina. Tangu mwezi wa sita sijapata vingt hata moja. Nilikuwa naigeuza kete na kidole gumba, nyuma ya kikombe.