Jiwe la Msindzano

Moroni, Jumanne. Joto la kunata, mvua imegoma, nami nimenuna tangu asubuhi. Naandika kwa Kiswahili nilichokipata chuoni Tanga, ili mashemeji wasisome.

Jicho la kushoto la Zahara limefumba. Mdogo wangu huyo yuko kisiwani kwetu Nzwani, Mutsamudu, mtaa wa Hombo, ana jipu kando ya pua na homa ya siku ya nne. Mimi, muuguzi mwenye miaka kumi na moja kazini, niko hapa Moroni, mtaa wa Magoudjou, nafua sare. Kati yetu kuna bahari na, tangu Nzwani ijitangaze kujitenga, serikali mbili zisizosalimiana. Meli zimezuiwa, ndege hakuna, simu ikipatikana inakatika.

Wiki iliyopita nilimwambia Mama kwamba mdudu wa jipu hilo ni sugu, hasikii vidonge anavyopewa Zahara. Nimeshamwona hapa Moroni, kwenye majipu ya watoto wa jirani. Abadilishiwe dawa, jipu lipasuliwe, usoni si pa kuchezea. Mama akayapeleka maneno kwa daktari wa mtaani.

"Huyu binti alilazwa lini hospitali?" daktari akauliza. Hajalazwa hata usiku mmoja. "Basi hawezi kuwa na mdudu huyo. Huyo ni wa wodini." Kisha akataka kujua nani kasema, na Mama akajibu kwa ukweli wake: binti yangu aliye Moroni.

Hapo ndipo alipoharibu. Siku hizi kule amri ya Moroni haipokelewi, hata ya kubadili kidonge.

Na hapa kazini? "Si ninyi watu wa Nzwani mnataka kujitegemea?" mwenzangu kaniambia leo, tena anacheka. Niliondoka nikamwacha na chai yake. Ningebaki ningemmwagia.

Ndugu wengine wameshapata jibu lao: mdudu nimempeleka mimi, kwa nguo zangu za kazini. Sijakanyaga Mutsamudu mwaka wa pili huu!

Mchana laini ikashika. Badala ya kugombana, nikamwuliza Mama nani mwingine ana jipu. Akataja bila kufikiri. Mama mdogo, shingoni. Jirani, shavuni. Binti wa nyumba ya pili, kidevuni. Wote hao hukaa uani kwetu kila alasiri wakijipaka usoni msindzano, ile liwa yetu ya msandali unaosagwa kwa maji juu ya jiwe, kutoka jiwe moja, kwa vidole vilevile. Na Zahara? Tangu jipu lianze Mama anampaka mara mbili kwa siku, lipoe. Kisha anawapa wenzake jiwe.



Nikamwambia alichemshe. Akacheka: "Mwanangu, kusoma kumekuzidi. Jiwe lichemshwe, liive lini?"

Nikampazia sauti. Sijawahi kumpazia Mama sauti maishani. Nikamwambia Zahara anaweza kufa. Hapo laini ikakatika.

Saa kumi na moja akapiga mwenyewe. Hakubishana na daktari. Aliwanawisha nyuso wale watatu, akawakalisha pamoja na Zahara kwenye benchi lake, na kila mmoja akasema hajawahi kulazwa. Moroni hakuitaja. Daktari aliwatazama sana, akalipasua jipu, akabadili dawa, akaandika barua ya kumpeleka Zahara hospitali.

"Sasa ndiyo kalazwa," Mama akasema. Jicho bado limefumba.

Na jiwe?

"Linachemka. Mtaa mzima umekuja kutazama."

Sasa niungame. Kazini nafuta vitasa vya milango kwa spiriti mpaka wenzangu wananicheka. Nyumbani nina jiwe langu, nililopewa na Bibi, na tangu niolewe sijaliosha hata mara moja. Jana nimempaka nalo binti yangu.

Limo sufuriani. Binti yangu anauliza leo tunakula nini.

Nitapiga alfajiri, nitapiga tena, na yeyote atakayepokea sitaki salamu wala siasa. Aniambie tu: jicho limefumbuka?